Kumtafuta baba mzazi kwa DNA: aliye karibu zaidi kwenye orodha ni cM 462, nianzie wapi?

Kitanda_Kimya84 ameandika:

Wakuu, habari zenu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi hii. Lengo ni kumtambua baba mzazi. Jina lake halimo kwenye cheti cha kuzaliwa, na upande wa mama hakuna anayelijua. Hali ya vipimo ni hii:

Nimepima AncestryDNA, kampuni inayolinganisha DNA ya mate yako na ya wateja wake wengine na kukupa orodha ya mnaolingana. Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa 1984. Mama ni marehemu. Kaka yangu wa mama mmoja, baba tofauti, naye amepima hapo hapo na majibu yake yametoka. Nimewaondoa wote wanaolingana na kaka, na waliobaki juu ya orodha ni hawa (cM, yaani sentimogani, ni kipimo cha DNA tunayochangia):

A – cM 462, mwanamke, hajaweka mti wa ukoo
B – cM 238, ana mti wa watu 40 hivi
C – cM 204, mti wake una watu sita tu
D – cM 118, mti mkubwa
E – cM 97, mti wa wastani

A, B na D wanalingana wao kwa wao. C na E wanalingana wao kwa wao, lakini hawalingani kabisa na kundi la A.

Maswali: (1) Huyo wa 462 ni nani kwangu? (2) Hatua inayofuata ni ipi? (3) Nikimpata mtu, majibu haya yanatosha kisheria?

---

Chapuchapu amejibu:

462 ni binamu huyo, mbona rahisi. Mwandikie umuulize baba yake ana ndugu wangapi wa kiume, umemaliza.

---

Mpanda_Miti amejibu:

Chapuchapu, hapo ndipo watu wengi wanapogonga mlango usio wao. Binamu wa kwanza kwa wastani hushiriki cM 866, na viwango vilivyorekodiwa kwenye Shared cM Project ya Blaine Bettinger (takwimu za cM kutoka kwa watu wanaoujua undugu wao), toleo la 2020, ni kati ya 396 na 1397. Kwa hiyo 462 inawezekana kwa binamu wa kwanza, lakini iko ukingoni kabisa. Kuna uhusiano mwingine unaokaa hapo vizuri zaidi:

Binamu wa kwanza wa baba yako: wastani 433, kati ya 102 na 980.
Mtoto wa ndugu ya baba yako ambaye wamechangia mzazi mmoja tu: wastani 449, kati ya 156 na 979.
Mtoto wa binamu yako wa kwanza: takwimu ni zile zile za binamu wa kwanza wa baba, ila yeye ndiye mdogo kizazi.

Namba peke yake haiwatenganishi hawa. Kinachowatenganisha ni umri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa A ni mwaka wake wa kuzaliwa, halafu majina ya babu na bibi zake wanne. Habari za baba yake na ndugu wa baba yake ziache kwanza. Ukianza kwa kumtaja baba yake ameshaelewa unamtuhumu nani, na pengine unamtuhumu mtu asiyehusika.

Sasa dada Kitanda, kabla hatujaenda mbali, rekebisha jambo moja. Kutolingana na kaka yako hakuthibitishi kwamba mtu ni wa upande wa baba. Kaka alipokea nusu ya DNA ya mama, wewe ulipokea nusu yako, na nusu hizo hazifanani. Ndugu wa mama aliye mbali anaweza kukuangukia wewe akamkosa kaka. Binamu wa pili (mnaochangia wazazi wa babu au bibi) karibu wote huonekana kwa kila mjukuu wa ukoo, ila binamu wa tatu (kizazi kimoja juu zaidi) mmoja katika kumi hivi hana kipande chochote cha DNA kinachoonekana, na binamu wa nne ni karibu nusu. Kwa hiyo A, B na C unaweza kuwaamini. D na E usiwaamini kwa sababu ya kaka. Waamini kwa sababu D analingana na A, na E analingana na C. Walio chini ya hapo wasio na kundi waweke pembeni kwanza.

Jambo lingine la Ancestry: orodha ya wanaolingana na nyote wawili huonyesha waliofikisha cM 20 tu. Mtu mwenye cM 15 kwa A hataonekana hapo hata kama ni wa ukoo ule ule. Usisome kimya cha ile orodha kama jibu.

Kazi yenyewe sasa. Una makundi mawili yasiyogusana, na hiyo ni bahati. Ni kile ambacho mbinu ya rangi ya Dana Leeds, mtafiti wa nasaba, inakusudia kukupa: unachukua wenye cM 90 hadi 400, unampa wa kwanza rangi, kila anayelingana naye unampa rangi hiyo hiyo, kisha unashuka kwa wa kwanza asiye na rangi unampa mpya. Kwa upande wa baba peke yake, makundi mawili makubwa kwa kawaida ni wazazi wa babu yako na wazazi wa bibi yako.

Kundi la kwanza: chukua mti wa B na mti wa D, utafute mume na mke wanaotokea kwenye yote miwili. Usinakili mti wa mtu. Ujenge upya mwenyewe kwa vyeti, maana mti wa watu 40 uliojengwa kwa kubofya mapendekezo una makosa hadi kizazi cha tatu. D mwenye 118 huenda akakupeleka kizazi kimoja juu zaidi ya B, yaani atakuonyesha ukoo wa mume peke yake au wa mke peke yake. Hiyo nayo ni faida.

Kundi la pili: C ana watu sita, wewe ndiye utakayemjengea mti. Anza na jina la bibi yake na mwaka. E atakusaidia kujua uelekee tawi lipi.

Halafu, na hapa ndipo penye siri yote, unashuka. Watu wengi hupanda hadi wakafika karne mbili nyuma wakafurahi, na baba haonekani kwa sababu hayuko huko. Ukishapata mume na mke wa kundi la kwanza na mume na mke wa kundi la pili, orodhesha watoto wote na wajukuu wote wa kila upande, na utafute ni wapi mtoto wa huku alimwoa au kuolewa na mtoto wa kule. Ndoa hiyo moja, au uhusiano usio wa ndoa, ndio babu na bibi yako. Baba ni mmoja wa wana wao.

---

Benchi_la_Maabara amejibu:

Nijibu swali la tatu. Hapana, hayatoshi. Ancestry na wenzake husoma alama laki sita au saba za herufi moja moja na kukulinganisha na wateja wengine. Mahakama na ofisi za vyeti huhitaji kipimo cha ubaba chenye udhibiti wa sampuli: kitambulisho cha kila anayepimwa kimeonwa, sampuli imechukuliwa na mtu asiye na maslahi, bahasha imefungwa na kusainiwa, na kila mkono ulioipokea umeandikwa. Kipimo cha kujichukulia nyumbani, hata kutoka maabara ile ile na kwa alama zile zile, hakina nguvu kwa sababu hakuna anayejua mate yalikuwa ya nani.

Kipimo chenyewe husoma maeneo 20 au zaidi ya STR, yaani sehemu za DNA ambapo herufi hujirudia, na idadi ya marudio ndiyo namba. Kwa kila eneo mtoto ana namba mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mtuhumiwa akikosa namba ya baba kwenye eneo moja tu, bado hajaondolewa, kwa sababu mabadiliko ya eneo moja kati ya baba na mtoto hutokea. Akikosa maeneo mengi, si yeye. Maabara huzidisha uwezekano wa kila eneo kupata kipeo cha ubaba. Kipeo cha 10,000 ndicho kinachoandikwa 99.99% kwenye cheti, na hesabu hiyo huanza kwa kudhani kwamba kabla ya kipimo uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu.

Tatizo linakuja pale watuhumiwa ni ndugu wa tumbo moja. Ami anaweza kulingana na mtoto kwenye maeneo mengi kiasi cha kukosa mawili matatu tu, na hapo mtu mwenye haraka anaweza kuyaita mabadiliko. Iambieni maabara kabla, si baada, kwamba kuna ndugu anayewezekana. Watapima alama zaidi na kuulinganisha uwezekano wa baba na uwezekano wa ami. Kwa kawaida huomba sampuli ya mama pia. Hapa mama hayupo, ndiyo maana alama za ziada ni za lazima. Wakiwa mapacha wa kufanana, kipimo cha kawaida hakiwatenganishi hata kidogo.

La mwisho: aliyewahi kupandikizwa uboho asipime kwa mate. Majibu yanaweza kutoka ya aliyemchangia.

---

Uzi_wa_X amejibu:

Nyongeza kwa kuwa muulizaji ni mwanamke. Wewe una kromosomu X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ile ya baba alikupa nzima bila kuichanganya, kwa sababu anayo moja tu, na yeye aliipata kwa mama yake peke yake. Maana yake ni kwamba mtu wa upande wa baba anayeshiriki nawe kipande kikubwa cha X ni wa ukoo wa mama yake baba. Hiyo inakuambia kati ya kundi la A na kundi la C lipi ni la bibi, na inakuokoa na nusu ya kazi.

Shida ni kwamba Ancestry haionyeshi X wala mahali vipande vilipo. Pakua faili la data ghafi, ulipandishe GEDmatch na FamilyTreeDNA, tovuti nyingine za kulinganisha DNA, umwombe A na C wafanye vivyo hivyo. Huko utalinganisha X moja kwa moja. Mambo mawili ya kuangalia: vipande vya X vilivyo chini ya cM 15 hivi vipuuze, na kukosa X hakuthibitishi kitu, kwa sababu mtu anaweza kuwa wa ukoo wa bibi na asiwe na kipande hicho. Pia hakikisha kaka yako hana kipande hicho hicho, maana X yake yote ni ya mama.

Kipimo cha Y (kromosomu ya wanaume, ambayo baba humpa mwanawe) kwako hakipo, na cha kaka ni cha baba yake mwingine, usitupe hela. Kinaweza kufaa baadaye kwa mwanamume wa ukoo unaoshukiwa, ila hata hapo Y haiwatenganishi ndugu, baba yao, wala ami zao. Wote wana Y moja. MtDNA, inayorithiwa kwa mama peke yake, haina kazi yoyote hapa.

Kufika hapa msiache kufungua tovuti ya pili na ya tatu. Ancestry haipokei faili la nje, kwa hiyo kupima huko kwanza kisha kupeleka faili nje ndio mpangilio sahihi. Ukianza na nyingine utalipa mara mbili.

---

Kitanda_Kimya84 ameandika:

Asanteni sana. A amejibu: amezaliwa 1958, ametaja babu na bibi zake wote wanne. Jozi moja, niiite W, ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye mti wa B na wa D. Kwa C nimepata jozi ya mababu wanaofanana na E, niiite Z. Na nimepata binti wa W aliyeolewa na mtoto wa kiume wa Z! Wana watoto watatu wa kiume na binti mmoja. Je, nihesabu nimefika?

---

Mpanda_Miti amejibu:

Karibu, ila bado. Kwanza pima mti kwa namba. A wa 1958 na wewe wa 1984: akiwa binamu wa kwanza wa baba yako, W ni babu na bibi yake A na pia babu na bibi wa baba yako. Wastani ni 433, una 462. Safi. C akiwa binamu wa pili, wastani ni 229 kati ya 41 na 592, una 204. Safi pia. Kama jozi W wangekuwa babu na bibi yako wewe mwenyewe, A angekuwa binamu yako wa kwanza, wastani 866, na namba zingeanza kulalamika.

Sasa nenda tovuti ya DNA Painter, kwenye zana ya What Are the Odds? Chora mti kuanzia W hadi A, B na D, kisha mwingine kuanzia Z hadi C na E, weka cM za kila mmoja, halafu weka nafasi zote ambazo wewe unaweza kukaa: mtoto wa mmoja wa wale wana watatu, mjukuu wao, mtoto wa ndugu yao wa mzazi mmoja. Zana itakupa uwiano wa nafasi moja dhidi ya nyingine. Wenye chini ya cM 40 usiwaingize, namba zao hazitenganishi chochote. Na uwiano wenyewe hauna maana kama koo hizi zimeoana ndani kwa ndani. Dalili yake: mtu ana cM nyingi lakini zimegawanyika vipande vidogo vidogo. cM 120 kwa vipande vinne ni ndugu wa kweli wa karibu. cM 120 kwa vipande kumi na viwili ni mababu wengi wa mbali waliojumlishwa. Angalia kipande kirefu zaidi kabla ya kuamini jumla.

Pili, angalia kama yule mume, mtoto wa Z, ana watoto nje ya ndoa hiyo. Mtoto aliyempata na mwanamke mwingine hana damu ya W, kwa hiyo hapa anaondoka. Ni ukaguzi wa dakika tano unaofuta nusu ya nadharia za barazani.

Tatu, wana watatu. Hapa DNA ya akina A haikusaidii tena, kwa kuwa ndugu wa tumbo moja wana mababu wale wale na namba zitakuwa sawa kwa wote. Karatasi zinaweza kumwondoa mmoja: umri, alikuwa mji gani mwaka 1983 na 1984, yuko jeshini, yuko gerezani. Waliobaki hutenganishwa kwa kumpima mmoja wao au mtoto wake.

Akipima mwenyewe mmoja wa hao wana: baba hutoa cM 3,400 na zaidi, ami hutoa kati ya 1201 na 2282. Hakuna mkanganyiko.
Akipima mtoto wa mmoja wao: akiwa ndugu yako wa baba mmoja, wastani 1759 kati ya 1160 na 2436, akiwa binamu tu, wastani 866 kati ya 396 na 1397. Kuna eneo dogo la kugongana, 1160 hadi 1397. Akiwa binti, una njia ya kulitatua: mabinti wa baba mmoja hushiriki X ya baba nzima, mwanzo hadi mwisho, bila mkatiko.

Binti yao, yaani shangazi yako, naye akikubali kupima atathibitisha familia ila hatakuambia ni yupi kati ya kaka zake. Mara nyingi ndiye anayekubali haraka, na ndiye anayejua nani alikuwa wapi.

---

Kitanda_Kimya84 ameandika:

Kati ya watatu, mmoja ni marehemu tangu zamani. Na kuna mtu hapa pembeni ananishauri nichukue mswaki au glasi ya mmoja wa wanaoishi, nipime kimya kimya.

---

Benchi_la_Maabara amejibu:

Usifanye. Uingereza, kupima DNA ya mtu bila ridhaa yake ni kosa chini ya Human Tissue Act ya 2004, na Ufaransa kipimo cha ubaba kinahitaji amri ya mahakama. Angalia sheria ya mahali unapoishi. Zaidi ya hapo, mswaki hutoa sampuli chafu, mara nyingi yenye DNA ya zaidi ya mtu mmoja, na ukija kuhitaji jibu la kisheria utaanza upya na mtu aliyekwishakasirika.

Kwa marehemu: kama alifanyiwa upasuaji au biopsi, baadhi ya hospitali huhifadhi nyama iliyokaushwa kwenye nta, na maabara zinaweza kutoa DNA humo, ila ubora hushuka kadri miaka inavyokwenda na wahusika wa urithi lazima waridhie. Njia ya kawaida ni watoto wake. Usiwapeleke kwenye kipimo cha undugu cha STR. Kwa ndugu wa mzazi mmoja hutoa majibu ya katikati yasiyosema ndiyo wala hapana. Wapime kwa njia ile ile ya cM uliyotumia wewe.

---

Mpanda_Miti amejibu:

Na barua ya kwanza iwe fupi. Andika kwa mhusika mwenyewe, usimpitie mke wala mtoto, na usiandike ukutani kwake mtandaoni. Sema unajenga mti wa ukoo, DNA yako inaonyesha undugu wa karibu na jozi W na jozi Z, mwaka na mji uliozaliwa, na uulize kama yuko tayari kupima au kuzungumza. Neno baba lisubiri. Usiambatanishe mti wote wala jina la mama katika ujumbe wa kwanza, na umpe majuma kadhaa kabla ya kukumbusha, mara moja tu.

Kabla ya kutuma chochote, piga picha za skrini za kurasa za A hadi E, pamoja na orodha za wanaolingana nao na cM zao. Habari ikizunguka kwenye ukoo, kuna watu huzima mwonekano wao au kufuta akaunti, na wakifanya hivyo hupotea kwenye orodha yako pamoja na ushahidi wote ulioujengea mti.